Sura ya Kumi na Tisa

Binti wa Wakesho alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa nimeinamia prufu za kitabu cha watoto, kazi ninayozidi kuletewa ingawa nilistaafu zamani. Alisema mama yake amefariki, wanazika Jumamosi, na programu ya mazishi inaenda kwa mpiga chapa kesho yake. "Auntie, tunataka nusu ukurasa tu, ya enzi za shule. Wewe ndiye uliyesoma naye." Nikaandika nusu ukurasa. Nikasema alikuwa mpole, msomaji hodari, msemaji mkuu wa timu yetu ya mdahalo, na kwamba akicheka alikuwa akiziba mdomo kwa ukosi wa sweta. Yote kweli tupu. Nikasoma mara tatu nikitafuta kosa, maana ndiyo tabia yangu, sikuliona hata moja, nikatuma. Lakini mimi nimeishi kwa kuhariri maandishi ya watu, na najua kwamba andiko linaweza kuwa safi kila neno na bado likawa limekatwa. Nilichokikata pale ni kwamba Wakesho hakuingia chuo kikuu kwa sababu yangu. Nilimfungia njia kwa kitabu, mwaka wa 1977, na mpaka anaingia kaburini sikuwahi kulisema mbele ya mtu.

Tulikuwa wasichana wanane tuliochukua fasihi ya Kiingereza katika kidato cha sita, kwenye shule moja ya bweni huko juu milimani, upande wa Werugha. Chumba chetu cha fasihi kilikuwa stoo ya zamani ya wamisheni: kuta nene za mawe, dirisha moja lenye nondo, harufu ya mafuta ya taa na ya sweta zilizolowa. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, hata kuufunga ilibidi usukumwe kwa bega, na ukishafungwa ungedhani hautafunguka tena. Humo ndimo tulimosomea riwaya ile. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kubishana nami kuhusu kitabu badala ya kunisikiliza. Ilikuwa riwaya ya kutisha, ya zama za mishumaa na magari ya farasi: nyumba kubwa iliyo peke yake kwenye nyika ya baridi, bwana mwenye nyumba asiyecheka, mke wa kwanza aliyekufa, mke wa pili aliyeletwa pale akiwa hajui kitu, na chumba kimoja ambacho ufunguo wake haupatikani. Mwalimu wetu, Bwana Mwasi, kijana aliyevaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, aliipenda mno. Kabla hata vitabu havijapatikana alikuwa ameshatusimulia nusu yake kwa kichwa. "Msiniambie ati haya ni mambo ya Wazungu," alisema. "Baridi mnaijua. Ukungu mnaujua. Mahali ambapo watu hupita haraka bila kugeuka, mnapajua pia." Tulicheka, lakini si sana.

Mwezi wa pili mwalimu wa jiografia alitupeleka kutazama matuta ya mashamba, na njia tuliyorudia ilipita chini ya jabali. Asiyetoka kwetu nimweleze. Zamani, kabla ya makanisa, mzee wa ukoo alizikwa kama watu wengine, kisha baada ya muda kaburi lilifunguliwa kwa adabu zake, kichwa kikatolewa na kupelekwa jabalini, kikakaa na wenzake waliotangulia. Hapo ndipo watu walipoenda kumweleza shida zao. Desturi yenyewe ilikuwa imeachwa siku nyingi, lakini mafuvu yalikuwa pale pale, yamepangwa safu chini ya mwamba, mengine yameota kuvu, yote yakitazama nje. Aliyeyaona kwanza ni Loise, msichana wa Nairobi, naye alipiga ukelele uliotufanya sote tushikane. Wakesho hakushikana na mtu. Aliinama, akaingia chini ya mwamba, akalinyanyua fuvu moja lililokuwa limeanguka ubavu, akalipangusa kwa pindo la sketi na kuliketisha likitazama na wenzake. "Huyu ni babu yetu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mgeni sebuleni. Kisha akanitazama mimi.

Alinitazama kwa kuwa alikuwa babu yangu pia. Mama alinipeleka pale nikiwa mdogo, Wakesho na mama yake wakiwepo, tukapeana mahindi ya kuchoma njiani. Lakini baadaye tulihamia Voi, na shuleni nilikuwa nimeshawaambia wote kwamba mimi ni mtu wa Voi tangu asili, mtoto wa mjini na reli, na milima naiona kwa mbali kama wao. Nilianza uongo huo siku ya kwanza ya kidato cha tano, kwa kitu kidogo tu, Loise aliponiuliza kama watu wa huku wanakula vyura, nami sikutaka kuwa mtu wa huku. Pale jabalini nilitazama viatu vyangu. Wakesho alingoja kidogo, halafu akatoka, akajipangusa magoti na kuendelea na safari. Hakuitoboa siri yangu siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Nikikumbuka jinsi alivyonyamaza, bado naona haya mpaka masikioni.

Kuanzia jioni ile jina lake likawa Fuvu. "Fuvu, nisalimie nyanya yako." "Jameni, angalieni chini ya kitanda, Fuvu asije akawa ametuletea mgeni." Nililala kitanda cha chini cha dabo-deka, yeye juu, na yote hayo nilikuwa nikiyasikia kupitia godoro lake, kwa sababu wenzetu walisema wakidhani amelala. Hakuwa amelala. Kwenye bwalo la chakula walimwachia nafasi benchi zima, akawa anakula maharage yake peke yake huku kitabu kimeegemezwa kwenye jagi la maji. Nami nilikaa upande wa Loise, nikicheka pale ilipobidi. Wakati huo huo nilijua jambo jingine, nililolisikia nikipeleka daftari ofisini kwa walimu, mlango ukiwa wazi nusu. Bwana Mwasi alikuwa akimwambia mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, "Historia atapata pasi ya chini, jiografia vile vile. Wakesho fasihi ndiyo itambeba. Akifanya vizuri fasihi, ameingia chuo kikuu. Akiteleza hapo, basi, hana kwingine." Mwalimu mkuu akasema, "Basi hakikisha hatelezi."

Duka lililotuuzia vitabu halikuwa nacho kile cha riwaya, na likizo ya Aprili ilipofika Bwana Mwasi alishikwa na malaria. Aliniita nyumbani kwake, akiwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, akanipa karatasi. Bwana Salim wa Voi, mwenye duka la vitabu na vifaa vya shule karibu na stesheni, alikuwa ameagiza Mombasa nakala tatu za kutazama, kila moja ya toleo lake. Kwa kuwa kwetu ni Voi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetunza maktaba ya shule, nilitakiwa niende nikazilinganishe, nichague moja, Bwana Salim aagize nane. "Baraza la mitihani wametuandikia jina la kitabu na la mwandishi tu," alisema, meno yakigongana. "Toleo hawakusema. Kwa hivyo sisi wenyewe ndio tutajua lipi la kuaminika. Usidanganywe na jalada. Na usihesabu sura tu, mtu anaweza kuacha sura zote thelathini na moja na akanyofoa ndani. Linganisha sura kwa sura. Soma dibaji, hata kile kiandishi kidogo cha nyuma ya ukurasa wa jina. Nakutuma wewe kwa sababu una jicho." Maagizo hayo yote alikuwa ameyaandika pia kwa nambari, kwa mkono uliotetemeka. Mpaka leo ndivyo ninavyochagua toleo la kitabu chochote, na nimewafundisha wengi hivyo hivyo bila kuwaambia nilikojifunzia.

Nilikaa duka lile siku mbili, kwenye benchi lililokuwa kati ya mabunda ya madaftari na dirisha la uani. Voi ilikuwa na joto la kukausha mate. Upepo ulileta vumbi jekundu hadi kwenye kurasa. Bwana Salim, mzee wa pwani mwenye kofia ya kufuma, alinipangia vitabu vitatu mbele yangu na kusema, "Haya mwanangu, kaa kitako, starehe. Kitabu hakikimbii." Mke wake, Bi Mwanaisha, aliniletea mahamri na mbaazi za nazi kwenye sahani ya bati, na nilikula kwa mkono mmoja huku wa pili ukiendelea kufunua. Uani alikuwa akiongea na jirani yake juu ya nyumba fulani ya kupangisha mtaani ambayo wapangaji hawakai. "Si majini, dada," nilimsikia akisema. "Kuna kitu walikitia chini ya sakafu wakanyamaza. Ndicho kinachowatoa." Jirani akauliza ni kitu gani. "Laiti ningalijua, si ningaliwaambia wakitoe?"

Toleo la kwanza, jekundu na jembamba, lilijieleza lenyewe: limefupishwa kwa wanafunzi. Nikaliweka kando. Yaliyobaki mawili ndiyo yaliyohitaji jicho. La kijani lilikuwa zuri, jepesi, herufi kubwa, sura thelathini na moja. La kijivu lilikuwa nene, sura thelathini na moja pia, na mbele yake palikuwa na utangulizi mrefu wa profesa mmoja na nyuma tanbihi za kurasa nyingi. Bei zilikaribiana. Nikayafungua yote mawili pamoja, moja goti hili moja goti lile, nikawa nasoma aya huku, aya kule. Sura ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nilifika sura ya kumi na tisa. Katika kitabu cha kijani ilikuwa kurasa nne. Katika cha kijivu ilikuwa kumi na moja.

Katika zile kurasa saba, mke wa pili anaamka alfajiri na kumwona mume wake kupitia dirisha, yuko bustanini na sepetu. Anamfuata akijificha. Bwana yule anafungua kaburi la mke wake wa kwanza, polepole, akiongea peke yake, anatoa kichwa, anakisafisha kwa kitambaa cha kitani, anakitia katika sanduku la mti na kukipeleka katika kile chumba kisicho na ufunguo, ambako anakiweka kwenye rafu kikitazama dirisha. Kisha anakaa chini na kukieleza habari za nyumbani. Nilihisi baridi ndani ya lile joto. Si kwa sababu ya kichwa. Nilimsikia Loise akicheka. Niliona bweni zima, niliona darasa, Bwana Mwasi akisoma ukurasa ule kwa sauti na vichwa saba vikigeuka kumtazama Wakesho, na safari hii Wakesho akichoka na kunitaja kwa jina, mwulizeni na Mghoi, babu ni wake pia. Nikatazama nyuma ya ukurasa wa jina wa kitabu cha kijani. Kile kiandishi kidogo kilikuwepo, mstari mmoja: mhariri ameondoa vifungu vichache visivyofaa kwa vijana. Nikamwambia Bwana Salim, "Tutachukua hiki cha kijani, nane." Akakipima kwa mkono, akanitazama juu ya miwani. "Na hili nene ulilosoma kwa raha hivyo?" "Hilo lina maneno mengi," nikasema. Kisha, kwa kuwa jioni ilikuwa bado, nikakaa tena nikalimaliza lile nene lote, pamoja na utangulizi wa profesa.

Nilijiambia kwamba nimefanya hivyo kumwonea huruma Wakesho. Kwa muda wa miaka fulani niliamini. Hata leo, nikiwa na usingizi au nikiwa nimeshiba, sababu hiyo hujileta yenyewe na kukaa karibu nami. Lakini mtu anayemwonea mwenzake huruma huwaambia wanaomcheka wanyamaze, na mimi nilikuwa nikilala chini yake kila usiku bila kusema neno. Nilichokilinda ni uongo wangu wa Voi.

Vitabu vilipanda mlimani mwezi wa tano. Bwana Mwasi, aliyekonda hadi mashavu yakaingia, alishika nakala moja, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa mwisho, akahesabu sura. "Umelinganisha?" "Nimelinganisha, mwalimu." "Sura kwa sura?" "Sura kwa sura." Aliweka mkono begani mwangu mbele ya darasa lote na kusema, "Hivi ndivyo msomaji anavyofanya kazi." Nikasikia uzito wa mkono ule mpaka saa ya chakula.

Tuliifikia sura ya kumi na tisa mwisho wa mwezi wa sita, siku ya mvua ya rasharasha, mlango umefungwa kwa bega. Ilisomwa ikaisha upesi, na tukaingia ya ishirini, ambamo mke wa pili analitaja "lile sanduku" na kuanza kutetemeka. Wakesho akanyoosha mkono. "Mwalimu, sanduku gani?" Bwana Mwasi akarudi nyuma kurasa mbili, tatu. Akavua miwani, akaivaa. "Hapa kweli pana kitu," alisema. "Labda mwandishi ametaka tukisie. Waandishi wa zama zile walikuwa na mambo." Wakesho hakuketi. "Si kukisia, mwalimu. Hapa pana shimo. Mtu amechimba akafukia." Akanigeukia, wazi kabisa, bila shaka yoyote usoni. "Mghoi, wewe uliviona vyote. Vile vingine vilikuwaje hapa?" Wote walinitazama. Nilisema, "Vivyo hivyo." Naye akaketi, akaandika kitu pembeni ya ukurasa, kwa sababu aliniamini. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba hakusita hata kidogo.

Tangu siku ile nilianza kuiogopa ile riwaya kwa namna ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Kila swali la mazoezi nililipekua kwanza nikitafuta neno sanduku. Kila barua iliyotoka baraza la mitihani niliiona juu ya meza ya mwalimu mkuu na kudhani imekuja kunitaja. Wakesho alikuwa akisoma kwa bidii ya kutia hofu. Alikuwa amejaza kitabu chake cha kijani maandishi pembeni hadi hapakuwa na mahali pa kuweka kidole, na kwenye lile pengo la sura ya kumi na tisa alikuwa amechora mstari na kuandika, nilipochungulia, SANDUKU? Niliona ile alama ya kuuliza nikafunga kitabu. Jumapili moja ya mwezi wa tisa nilipiga moyo konde nikaenda nyumbani kwa Bwana Mwasi. Nilimkuta na mke wake wakila kimanga, viazi na maharage vimepondwa pamoja vizuri, mvuke ukipanda. "Karibu, karibu, umekuja wakati wake," mke wake alisema, akanikatia kipande. Nikala. Walizungumza juu ya ng'ombe wao aliyekuwa na mimba. Bwana Mwasi akauliza, "Ulikuwa na shida?" Nikasema nilikuja kuwasalimia tu. Nikamaliza kimanga chote, nikashukuru, nikarudi bwenini kwa njia ndefu.

Karatasi ya fasihi ililetwa asubuhi moja ya Novemba. Tuliketi ukumbini, meza zimeachana, upepo ukitikisa mabati. Swali la kwanza lilikuwa la lazima, na ndilo lililobeba alama nyingi kuliko mengine yote: kifungu kimechapishwa, soma, eleza kinachotokea, na ueleze kinatufunulia nini juu ya bwana wa nyumba. Kilianza na sepetu. Sitajipamba, kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha. Nilikuwa nakijua. Nilijua kilichotangulia na kilichofuata, nilikumbuka hata maneno ya profesa katika utangulizi, kwamba hapo ndipo tunapouona wazimu wa bwana yule ukiwa uchi, dhamiri gonjwa ikicheza na maiti. Nikayaandika, kwa Kiingereza safi, yakajaza kurasa tatu. Nilipoinua kichwa kugeuza karatasi ndipo niliposikia kimya. Kalamu za wenzangu hazikuwa zikiandika. Loise alikuwa amefunika uso. Mbele yangu, meza mbili, mgongo wa Wakesho peke yake ndio uliokuwa umeinama na kwenda, mkono haukatiki, kama mtu anayeandika barua nyumbani.

Nje, Loise alilia kwa sauti. "Hiyo passage ilitoka wapi? Mimi hiyo kitu sijawahi kuiona, naapa!" Bwana Mwasi alichukua karatasi ya maswali mkononi mwa Loise, akasoma amesimama kwenye nyasi, akaomba kitabu. Akafungua sura ya kumi na tisa. Akasoma kurasa zake nne. Halafu akageuza nyuma ya ukurasa wa jina, akasogeza miwani, akakisoma kile kiandishi kidogo. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alinitazama, akafunga kitabu na kumrudishia Loise. Jioni, nikipita kando ya ofisi, nilimsikia mwalimu mkuu, ile sauti ya upole imekwisha. "Nani alichagua kitabu hiki?" Bwana Mwasi akajibu, "Kosa ni langu. Mimi ndiye mwalimu." "Nimeuliza nani alikichagua." "Nami nimekujibu, mama." Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kuingia, hakukuwa na kitu kilichonizuia isipokuwa miguu yangu. Januari Bwana Mwasi alihamishiwa shule ndogo upande wa Taveta na sikumwona tena.

Matokeo yalitoka mwezi wa tatu. Nilipata alama ya juu kabisa ya fasihi katika shule, na barua ya chuo kikuu ikafuata. Wakesho aliteleza pale pale Bwana Mwasi alipoombea asiteleze, na hakuwa na kwingine. Niliambiwa amepata kazi Voi, kwa Bwana Salim. Nilizunguka mtaa ule wiki nzima bila kupita mbele ya duka, kisha siku ya mwisho kabla ya safari ya Nairobi nikaingia. Alikuwa nyuma ya kaunta, amefunga kitambaa kichwani, anapanga rula. Alinisalimu vizuri. Alinipongeza, tena kwa moyo, na nikaanza kupumua. Ndipo alipoinama, akatoa kitabu cha kijivu kutoka rafu ya chini na kukiweka kati yetu. "Hiki hakikununuliwa," alisema. "Bwana Salim anasema mwenzangu mmoja alikaa pale kwenye benchi siku mbili akakisoma mpaka mwisho."

Nilisikia Bi Mwanaisha uani akitwanga kitu kwenye kinu. Wakesho alikifungua kitabu mahali anapopajua tayari, akakilaza. "Sikuulizi kwa nini," alisema. "Nadhani najua. Nataka uniambie moja tu. Mimi nilikutana na kile kifungu palepale kwenye mtihani, lakini nilikielewa, Mghoi. Nilifurahi hata. Nikaandika kwamba huyu mwanamume hana wazimu, anampenda mke wake, ameona aibu kumwacha peke yake kwenye udongo, akamtoa akamweka mahali pa heshima, na kwamba kosa lake ni moja tu, kulifanya peke yake, kwa siri, bila ukoo. Niliandika hivyo kurasa nne. Sasa wewe uliyekisoma chote. Uliandika nini?"

"Niliandika ni wazimu," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Hakukasirika, ningeshukuru kama angekasirika. Akanitazama vile vile alivyonitazama chini ya jabali, akiniachia nafasi niingie.

"Na babu yetu je?" akauliza. "Waliompeleka pale, nao walikuwa wazimu?"

Nilikuwa na jibu. Nililijua tangu utotoni, na halikuhitaji profesa wala tanbihi. Lakini aliingia mwanamke mmoja akitaka chaki, Wakesho akageuka kumhudumia, nami nikatoka nje kwenye jua. Jumamosi iliyopita walimzika, nami nikasimama katika safu ya marafiki wa shule, si ya ukoo.